MTUNZI NA MSHAHARA WAKE: MZEE MUHIDIN GURUMO NA NYIMBO ZILIZOFIKA BONGA

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, bila shaka alitegemea nitaandika juu ya waasisi wa shule, au juu ya barabara kuu, au juu ya asili ya Wagorowa na majirani zao, kama tulivyozoea kusoma katika kurasa hizi. Habari hizo zimeandikwa, na wapo wanaozijua kuliko mimi. Nimemwomba ruhusa niandike juu ya muziki wa dansi, na hasa juu ya mtunzi mmoja, marehemu Mzee Muhidin Maalim Gurumo. Najua vijana mlio darasani mtauliza, mtu wa Kisarawe anahusika vipi na Bonga? Nitajibu.

Ndugu zangu wa rika langu watakumbuka kwamba katika miaka ya sabini Kiswahili hapa kwetu kilikuwa lugha ya shule, ya ofisi na ya gulioni. Nyumbani tulizungumza Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi, na wengine Kibarbaig. Mwalimu alitufundisha ngeli na nyakati za vitenzi, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Lakini kusema neno kwa mafumbo, kumgombeza mtu bila kumtaja jina, kumsihi mpenzi, kumlalamikia rafiki msaliti kwa maneno ya heshima, hayo hayakuwamo katika kitabu chochote tulichopewa. Tuliyapata redioni. Redio zenyewe zilikuwa chache na zilikula betri kubwa. Betri zikilegea zilianikwa juani juu ya bati, na jioni zikarudishwa, zikatoa sauti ya nusu saa nyingine. Nusu saa hiyo ilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari na kipindi cha muziki, na yapo majumba ambamo taarifa ya habari ndiyo iliyopunjwa. Klabu Raha Leo ilipoanza, watu walinyamaza.

Sauti mojawapo iliyotoka katika redio hizo, nzito kidogo, isiyo na haraka, ya mtu anayeongea kama mjomba anayeonya, ilikuwa ya Gurumo. Basi ndiyo maana naandika.

Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe. Vijana wasichanganye Masaki hiyo na Masaki ya Dar es Salaam yenye nyumba za mabalozi, maana hii ni ya Wazaramo, ya mihogo na mikorosho. Alianza muziki mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati nchi inapata uhuru, akapitia bendi za Kilimanjaro Chacha, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Neno "jazz" katika majina hayo lisimpotoshe mtu. Halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi, bali lilikuwa jina la heshima kwa kundi lolote lenye magitaa na tarumbeta. Bendi za wakati huo zilikuwa za vilabu na vyama vya watu wa sehemu moja waliohamia mjini, na majina kama Rufiji na Kilwa yanaonyesha hivyo. Mchana watu walikuwa na kazi zao, usiku wakapiga dansi, na mapato yakagawanywa kwa kadiri yalivyopatikana.

Mwaka 1964 mambo yakabadilika, na hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu mabadiliko hayo hayakutokana na muziki hata kidogo. Mwezi Januari mwaka huo askari waliasi. Baada ya maasi kuzimwa, Serikali iliwakamata baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, shirikisho lao likavunjwa, na mwezi Februari sheria ikaanzisha chama kimoja cha wafanyakazi wote, yaani NUTA, chini ya Waziri wa Kazi mwenyewe. Chama hicho kipya kilihitaji kupendwa na wafanyakazi. Katika mwaka huo huo kikaanzisha bendi, NUTA Jazz, na Gurumo akawa mmoja wa wanamuziki wake.

Jambo lililokuwa geni kabisa ni kwamba wanamuziki waliajiriwa. Walipewa mshahara wa kila mwezi kama makarani. Vyombo vilikuwa vya chama, gari lilikuwa la chama. Kwa kijana aliyezoea kugawana senti za mlangoni saa kumi alfajiri, hii ilikuwa neema. Hata wazazi waliokuwa wakimwona mpiga gitaa kuwa mhuni walianza kusema mtoto wao yuko kazini. Wengine wakafuata mfano. Katika miaka iliyofuata hapakuwa na taasisi iliyojiheshimu isiyokuwa na bendi: Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, Magereza, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Umoja wa Vijana, Shirika la Bima, hata shirika la mabasi ya Dar es Salaam. Na kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake, ambalo watoto tuliyakariri kuliko tulivyokariri mito ya Afrika. Polisi walikuwa Vangavanga, JKT Kimulimuli, Urafiki Chakachua, Vijana Pamba Moto, Bima Magnet Tingisha, UDA Bayankata. NUTA walikuwa Msondo.

Msondo ni ngoma ya Wazaramo. Nalisema kwa sababu yapo maoni kwamba muziki wa dansi ulikuwa ni kuiga tu Wakongo na Wakuba. Uigaji ulikuwepo, nani atakataa? Rumba ilitoka huko, chacha ilitoka huko, na magitaa ya Kongo yalitusumbua akili sote. Lakini watunzi kama Gurumo walichukua rumba wakaivalisha vazi la pwani. Baadaye, alipokuwa Mlimani Park, mtindo uliitwa Sikinde, ambayo nayo ni ngoma ya Wazaramo, na ukaongezewa maneno "ngoma ya ukae", maana yake ngoma ya nyumbani. Mtu wa Bonga alikuwa akicheza ngoma ya nyumbani kwa Gurumo pasipo kujua, na nadhani hapana ubaya.

Sasa juu ya safari. Mshahara na gari la chama viliwezesha jambo ambalo bendi za vilabu hazikulimudu kwa urahisi, nalo ni kuzunguka mikoa. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na matawi nchi nzima, katika mashamba ya mkonge, katika viwanda, katika bohari za ushirika, na kila penye tawi palikuwa na watu wa kujaza ukumbi. Anayesafiri leo kwa basi kutoka Dodoma kuja Babati hawezi kuelewa safari ya wakati huo. Barabara ya lami, kilometa 251, ilizinduliwa mwezi Aprili mwaka 2018. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi mno, ile iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyochorwa katika ramani kama njia ya kutoka Cape hadi Cairo, ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Dodoma, Kondoa, Kolo, halafu milima ya Bereko ambako malori yalipumua kama ng'ombe wagonjwa, ndipo gari likateremka Bonga, na Babati ikaonekana na ziwa lake chini ya mlima Kwaraa. Mwanamuziki aliyepita njia kama hii alifika na mavazi yake ya jukwaani yamegeuka rangi, na usiku ule ule alitakiwa asimame aimbe hadi usiku wa manane.

Na pale ambapo gari halikufika, redio ilifika. Hili ndilo jambo ambalo vijana wa leo hawana budi kulielewa vizuri, maana ndilo kiini cha makala hii. Katika nchi yetu ya wakati huo hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi ikitaka santuri, kanda yake ilipelekwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa mpaka mwaka 1983. Kwa hiyo mlango mkubwa wa mtunzi ulikuwa mmoja: studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia pale, ikarekodi nyimbo zake mpya, kanda ikahifadhiwa maktaba, na wimbo ukapigwa hewani mara ngapi hakuna aliyehesabu. Mtunzi hakulipwa kwa kila mara wimbo wake ulipopigwa. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu mwaka 1966, lakini chombo cha kukusanya na kugawa fedha hizo hakikuwepo. Kwa msikilizaji wa Bonga wimbo ulikuwa bure, kama mvua.

Tuone sasa jinsi wimbo wenyewe ulivyotengenezwa, ili tujue kilichokuwa kikitolewa bure ni nini. Mtunzi alikuja mazoezini na maneno na sauti ya wimbo. Mazoezi yalifanywa mchana, mara nyingi katika baa ile ile ambamo dansi lilipigwa usiku, viti vikiwa juu ya meza. Maneno hayo aghalabu yalitokana na tukio la kweli: mke aliyekimbia, kijana aliyewasahau wazazi wake kijijini, rafiki aliyefitini. Mtunzi aliyafunika kwa jina jingine, kwa hiyo mji mzima ukakaa ukibahatisha ni nani anayesemwa. Akiisha kuimba, mpiga solo alitafuta njia yake, mpiga gitaa la pili akajibu, ridhimu na besi zikashika ardhi, tarumbeta na saksafoni zikagawana nafasi zao. Sehemu ya kwanza ya wimbo ilikwenda polepole ili maneno yasikike. Kisha ikaja sehemu iliyoitwa chemko, ambapo waimbaji walikariri kibwagizo kifupi, magitaa yakakaza, na aliyekuwa amekaa akisikiliza mausia akajikuta amesimama.

Kwa utaratibu huo, wimbo ni wa nani? Wa aliyeleta maneno? Wa mpiga solo aliyebuni mlio ambao ndio watu wanaoupiga kwa midomo barabarani? Wa bendi nzima? Au wa mwajiri, aliyenunua gitaa na kulipa mshahara? Wakati ule swali hili halikuumiza kichwa cha mtu, kwa kuwa mshahara ulikuwa ukija.

Gurumo alikaa NUTA miaka kumi na minne. Chama chenyewe kilibadilika kuwa JUWATA baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977, na bendi ikabadilika jina pamoja nacho. Nyimbo alizoshiriki wakati huo zilikuwa za kila namna. Zilikuwepo za mapenzi, na zilikuwepo za Chama, za kilimo, za Azimio la Arusha. Wapo wasomi wanaodharau nyimbo hizo za siasa wakisema waliagizwa. Mimi naona dharau hiyo ni ya haraka. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifika vijijini kwa redio na kwa muziki, na vyoo vilichimbwa hapa Bonga na watu wasioweza kusoma bango. Aliyeagizwa anaweza kuimba vizuri vilevile, na seremala naye huagizwa.

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka JUWATA. Ilikuwa imeundwa bendi mpya, Mlimani Park, ikimilikiwa na shirika la teksi na usafirishaji, na pale alikutana na watu ambao, kwa maoni yangu, walifanya kundi bora kuliko yote yaliyowahi kupiga dansi nchini. Walikuwepo Abel Bartazar na Joseph Mulenga katika magitaa. Alikuwepo Cosmas Tobias Chidumule, mwenye sauti nyembamba iliyokwenda juu bila kutetemeka, ambaye baadaye aliuacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za injili. Hassan Rehani Bitchuka naye alijiunga, na sauti yake ikilia juu ya sauti nzito ya Gurumo ilikuwa kama kijana na baba yake wanalalamikia jambo moja. Na juu ya wote alikuwepo Michael Enoch, ambaye wenzake walimwita King na wengine Ticha, kwa kuwa aliweza kushika karibu kila chombo na kumfundisha aliyekuwa hajui. Enoch ndiye aliyezipanga tarumbeta. Mwanafunzi anayetaka kujua upangaji wa muziki ni nini, asikilize Mlimani Park ya miaka ya mwanzo wa themanini, ajaribu kuimba sehemu ya tarumbeta peke yake bila kutoka katika wimbo, aone kazi yake.

Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Ndiyo miaka ambayo nchi ilikuwa na shida ya kila kitu, sabuni, sukari, nguo, mafuta ya taa, na ndiyo miaka ambayo dansi lilistawi kuliko wakati mwingine wowote. Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja ilikuwaje watu wasio na sabuni wakaenda dansini. Nilimjibu kwamba kiingilio kilikuwa kitu kimojawapo kichache kilichoweza kununuliwa bila foleni. Mashabiki waligawanyika kati ya Msondo na Sikinde kama wanavyogawanyika kati ya Simba na Yanga, na Gurumo alikuwa na bahati ya ajabu, au balaa, ya kuwa amejenga nyumba zote mbili.

Halafu, mwaka 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye bendi ya Orchestra Safari Sound, alimchukua Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Mashabiki walikasirika. Neno usaliti lilitumika. Lakini tuliangalie jambo hili kwa jicho la mtunzi aliyekwisha kutimiza miaka arobaini na mitano. Hakuwa na gitaa lake, hakuwa na vipaza sauti vyake. Nyimbo zake alizoziacha Msondo zilibaki Msondo, na za Sikinde zikabaki Sikinde, zikipigwa kila Jumamosi bila yeye. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa sauti ya kesho. Mtu wa namna hiyo akiahidiwa mshahara mzuri zaidi, atasema nini? Fundi hahamishi nyumba aliyokwisha kuijenga. Huchukua nyundo yake akaenda kujenga nyingine, na Gurumo hata nyundo ilikuwa ya tajiri. Bendi ile haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa amerudi alikoanzia, JUWATA, ambayo ikageuka OTTU, na mwishowe chama kikajitoa katika mambo ya muziki, bendi ikajitegemea kwa jina la Msondo Ngoma.

Hapo ndipo mshahara ulipokwisha. Mashirika ya umma yalikuwa yakifa moja baada ya jingine, na bendi zao zikafa nayo. Redio za watu binafsi zilianza katikati ya miaka ya tisini na muziki mpya wa vijana. Kanda za kaseti za nyimbo za zamani zilinakiliwa madukani kwa kila aliyeleta kaseti tupu, na mwenye duka akala peke yake. Nasikitika kusema kwamba hata sisi tulionakili tulijiona werevu. Msondo waliendelea kupiga kwa mapato ya mlangoni, yaani walirudi katika utaratibu ule wa mwaka 1961.

Wenzake walikuwa wakiondoka. Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Marijani Rajab, mtunzi ambaye nchi nzima ilimwita Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, na katika siku zake za mwisho alikuwa akijipatia riziki kwa kuuza kaseti katika kibanda kidogo. TX Moshi William, aliyesimama na Gurumo pale Msondo na kuwapa vijana wa miaka ya tisini sababu ya kuipenda bendi ya baba zao, alifariki mwaka 2006.

Yupo mtunzi mwingine wa barabara hii hii yetu, ambaye njia yake ilikwenda kwingine. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938 karibu na Dodoma, mpigaji wa zeze na marimba, alichukuliwa kijijini akaletwa Dar es Salaam wakati wa Mwalimu Nyerere ili aitumikie ngoma ya taifa, na baadaye akawa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Yeye naye alikuwa mwajiriwa. Lakini muziki wake ulikwenda Ulaya, ukachapishwa na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel huko Uingereza mwaka 1996, na alipofariki Desemba 2003 jina lake lilikuwa likijulikana London kuliko Babati. Twaona hapo kichekesho: yule aliyebaki na zeze la babu yake alizunguka dunia, na yule aliyeshika rumba ya dunia alizunguka Tanzania. Simpi mmoja ushindi juu ya mwingine. Nasema tu kwamba muziki wa Gurumo uliandikwa kwa ajili ya mtu anayejua Kiswahili, na ukimwondolea maneno umemwondolea nusu.

Katika miaka yake ya mwisho Mzee Gurumo alikuwa akisumbuliwa na afya. Mwezi Agosti mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 73, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba anastaafu muziki. Mzee huyo alipokuwa akitazama nyuma, kama magazeti yalivyoripoti, alieleza kwamba katika zaidi ya miaka hamsini ya kuimba hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Maneno hayo yalisambaa upesi. Kabla mwezi haujaisha, kijana Diamond Platnumz, katika hafla ya kuzindua wimbo wake hotelini Serena, Dar es Salaam, alimkabidhi mzee gari. Watu walishangilia, na haki yao.

Niseme ninavyoliona tukio hilo. Lilikuwa tendo jema, na kijana yule anastahili sifa, maana watu wazima wenye uwezo zaidi walikuwa wamekaa kimya. Lakini gari lile lilikuwa zawadi. Hapakuwa na mtu aliyesema, mzee, tumehesabu nyimbo zako zilivyopigwa tangu mwaka 1964, na hili ndilo deni. Mtu aliyefanya kazi nusu karne alipewa hisani na mtu ambaye hakuwa akimdaiwa chochote, na sisi tuliokuwa tukidaiwa tulipiga makofi. Aidha, sikubaliani na wanaosema wanamuziki wa zamani walikufa maskini kwa sababu ya ulevi na starehe. Ulevi upo hata kwa waliostaafu na viinua mgongo. Gurumo alikuwa mtu wa kazi, na wenzake walimwita Kamanda. Shida ilikuwa kwamba alilipwa kwa usiku aliosimama jukwaani, na usiku ukipita malipo yamekwisha, ilhali wimbo haupiti.

Alifariki tarehe 13 Aprili 2014 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akazikwa kijijini kwake Masaki, Kisarawe. Mwaka huo huo bendi aliyoianza kuitumikia akiwa kijana wa miaka 24 ilitimiza miaka hamsini.

Yapo yaliyobadilika. Nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1994, Bunge likatunga sheria mpya mwaka 1999, na chombo cha kusimamia, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001. Ilichukua muda mrefu sana kabla fedha za nyimbo zinazopigwa redioni kuanza kugawiwa. Mgawo uliotangazwa mwezi Januari 2022 ulipokelewa na wengi kama jambo jipya, na kwa kweli lilikuwa jipya, miaka hamsini na minane baada ya NUTA Jazz. Kwa wanafunzi wa shule yetu wanaotunga nyimbo kwa simu zao, na nasikia ni wengi, sheria inayowahusu ni hiyo ya 1999 na marekebisho yake. Wajifunze kuisajili kazi kabla ya kuirusha kwa marafiki, na wakiwa watatu waliotunga pamoja, waandike majina matatu na mafungu yao siku ile ile, kabla wimbo haujajulikana. Wimbo ukishajulikana ni vigumu kukumbuka nani alileta nini.

Kuhusu nyimbo za zamani, swali nililoliuliza juu bado linasubiri. Kanda za Redio Tanzania zimerithiwa na Shirika la Utangazaji, na nyimbo zilizomo zinapigwa hadi leo, hasa Jumapili mchana, na katika kila msiba na kila harusi ambapo wazee wamepewa nafasi ya kuchagua. Je, haki ni ya mtunzi aliyekuwa mwajiriwa, au ni ya mwajiri ambaye mwenyewe amebadilika jina mara tatu na kujitoa? Na mpiga solo je? Shule yetu imetoa wanasheria kadhaa, baadhi yao watakuwepo katika mkutano wa mwaka huu, na ningependa mmoja wao alijibu katika toleo lijalo kwa lugha ambayo sisi tusio wanasheria tunaweza kuifuata. Asichelewe sana. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu miaka hamsini baada ya mtunzi kufariki. Za Mzee Gurumo zitakwisha mwaka 2064, na mwanafunzi aliye kidato cha kwanza leo atakuwa amepita umri wa miaka hamsini.